Nyambizi ya Dohani Mbili

Baba yangu na ami yangu walikosana kwa sababu ya dohani. Nalisema mapema, maana watu wakisikia ndugu wawili wa tumbo moja hawasemezani, fikra zao zinakwenda kwenye urithi, au mwanamke, au kiwanja kilichobaki Unguja. Nimechoka kuwasahihisha. Ni dohani, yale mabomba ya kutolea moshi, mawili, kila moja limezidi kidole gumba kidogo tu. Wala hayakuwa juu ya paa la nyumba. Yalikuwa juu ya nyambizi.

Na mimi nina mkono wangu humo. Nafanya kazi jikoni kwenye hospitali kubwa upande wa Harborne, hapa Birmingham, na siku moja Baba alikuja kunisubiri nitoke zamu. Nikamwambia azunguke madukani kwanza, asikae mapokezi kuwauliza wagonjwa wanaumwa nini. Akaingia duka la mitumba, akatoka na kitabu kinene cha picha za nyambizi kubwa za zamani. Ningemwacha mapokezi, haya yote yasingetokea.

Wakati huo yeye na Ami walikuwa wameshastaafu, Baba kutoka kiwanda cha vipuri vya magari, Ami kutoka kuendesha mabasi ya mji. Mama alikuwa ameshatangulia, na Ami hajapata kuoa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuwazuia. Kila asubuhi Ami alikuja kwetu Hodge Hill kutoka Shard End, wakanywa chai, wakakisoma kile kitabu kwa zamu kama watu wa darsa. Mpaka leo hadithi ya nyambizi zile nimeihifadhi kama Alhamdu.

Ni hivi. Zamani za Vita Kuu ya Kwanza, wakubwa wa jeshi la majini la Kiingereza walitaka nyambizi kubwa kupita kiasi, zenye mbio za kufuatana na manowari. Injini za dizeli za wakati ule hazikuweza. Basi wakatia boila za mvuke. Moto, ndani ya nyambizi. Moto unataka dohani, na dohani ni tundu, na tundu ndicho kitu cha mwisho unachokitaka ukiwa chini ya bahari. Kabla ya kuzama ilibidi moto uzimwe, dohani zilazwe, na kila kifuniko kifungwe, na adui huko juu asubiri kwa adabu. Moja ilizama kwenye majaribio kwa sababu matundu ya hewa yalibaki wazi. Nyingine zilitoka usiku kwenye mazoezi pamoja na manowari zao, zikagongana zenyewe kwa zenyewe, watu wengi wakafa, na adui hakuwapo hata wa dawa.

Baba alizipenda sana. Alisema mtu aliyeweza kutia moto ndani ya nyambizi hakuwa mwoga.

Ami hakuzipenda. Yeye alipenda zile za baadaye, maana Waingereza walibadili shauri, na baadhi ya zilizokuwa zimeagizwa wakaziondoa dohani, wakaweka mzinga mmoja wa manowari, mkubwa, umekaa mbele kama pua. Nyambizi ya kutembea na mzinga mgongoni. Mimi nilipoulizwa maoni yangu nilisema zote mbili ni wazimu, na sikuulizwa tena.

Wakaamua kuunda moja ya mfano, kwa bati na mbao, ndefu kuliko mtu mzima aliyelala. Majira yote ya baridi walikaa katika kibanda cha nyuma ya nyumba, na hawakugombana, kwa sababu bodi la nyambizi ya dohani na bodi la nyambizi ya mzinga yanakaribiana. Walipofika juu ndipo mambo yalipoharibika. Ijumaa moja Baba aliitwa msibani mapema, Ami akabaki peke yake, akaugandisha mzinga kwa gundi ile isiyotoka. Baba aliporudi akauona. Akauchomoa kwa koleo, ukatoka na kipande cha mbao.

"Nyambizi yenye dohani," Ami akasema, na sauti ilifika mpaka kwa jirani, "ni kaburi lenye dirisha!"

"Toka kwangu," Baba akasema. "Na siku nikifa, usinioshe na usinizike."

Hapo ndipo ilipokuwa ajali yenyewe. Kwetu sisi mtu anaweza kukuita mbwa, na kesho mkala sahani moja. Lakini "nikifa usinizike" ni kauli ya kufunga mlango. Ukishaitamka, yule mwenzako hawezi tena kuja mwenyewe, maana amekatazwa na mwenye maiti, yaani maiti mwenyewe.

Na Baba si mtu wa kuchezea maneno hayo. Katika Waswahili wa Birmingham yeye ndiye mwosha maiti. Akifa mwanamume, simu ya kwanza inapigwa kwa jamaa zake, ya pili kwa Baba. Lile shuka la kijani la kufunikia jeneza, lenye shahada iliyotariziwa, linakaa kwetu, na baada ya kila maziko analifua kwenye mashine yetu kwa maji ya uvuguvugu, peke yake, bila kuchanganya na soksi. Ameosha watu wa Unguja, wa Mombasa, wa Tanga, na hata mtu ambaye akiwa hai yeye Baba hakutaka kumpa salamu. Alikuwa akisema mwosha huoshwa, na akilisema alikuwa akimtazama Ami, maana zamu zote hizo Ami ndiye aliyemmiminia maji.

Miaka minne wakapitana msikitini kama wapangaji waliogombania choo.

Mwaka huu daktari akamwambia Baba kwamba vali moja ya moyo wake haifungi, damu inarudi nyuma, na lazima apasuliwe kifua. Baba akauliza maswali mengi sana juu ya vali. Daktari alifurahi kupata mgonjwa mwerevu. Mimi nilijua anawaza vifuniko vya dohani.

Lakini jioni ile, tukiwa tunakula, akaweka kijiko chini. "Mimi nimeosha watu mji huu hata sijui idadi," akasema. "Mimi nani ataniosha?"

Nikamwambia kamati ipo, wanaume wamejaa.

"Kamati ni watu," akasema. "Mtu anataka mkono wa ndugu yake."

Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na mimi ni mwanamke, na baba haoshwi na binti. Niliumia. Nimempikia, nimemfulia, nimemsikiliza habari za boila, na kitu kimoja alichokitaka kweli sina ruhusa nacho. Nikamwambia ampigie ndugu yake simu. Akasema mkubwa hampigii mdogo.

Nikaenda Shard End mwenyewe na mkate wa kumimina. Ami alinipokea vizuri, akala vipande vitatu, nikamweleza habari ya moyo. Akapangusa vidole. Kisha akauliza, "Ile nyambizi bado ina dohani?"

"Inazo."

"Haya. Msalimie."

"Ami, ana operesheni!"

"Amenikataza mwenyewe, mwanangu. Mimi nifanyeje? Niende nikamwambie futa kauli yako? Kauli yake, aifute yeye."

Nilirudi na sahani yangu. Wazee wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi huku ghorofa na lami, nikalime wapi?

Operesheni ikapangwa Jumatano. Jumamosi ya kabla yake nilikuwa zamu ya asubuhi, na Baba akaamua kuimaliza nyambizi yake, kwa sababu, alivyosema, mtu haachi kazi nusu. Kibandani kulikuwa na baridi, rangi haikauki. Akaibeba yeye na jirani wa kiume mpaka sebuleni, wakaiweka juu ya farasi wawili wa mbao, ile miguu ya seremala ya kukatia mbao, Baba akaipaka rangi ya kijivu ya mwisho. Sasa akaogopa vumbi. Akapinda waya juu yake kama tao, ili nguo isiguse rangi, kisha akatafuta nguo ndefu na safi. Nyumbani kwetu nguo ndefu na safi ni moja. Ilikuwa imetoka kukauka.

Nilipomuuliza baadaye kama hata hakufikiri, alisema alifikiri sana: alichagua lile kwa sababu halitoi manyoya.

Kwa hiyo, tuangalie vizuri. Sebule ya mbele, mapazia wazi ili joto la jua liingie, vitu vimesogezwa ukutani. Katikati, juu ya miguu ya mbao, kitu chenye urefu wa mtu na zaidi, kimeinuka kama tao, kimefunikwa shuka la jeneza. Mwenye nyumba ni mzee mgonjwa wa moyo. Na yeye amekwenda kibandani kusafisha brashi, ameziba masikio kwa redio.

Jirani yetu ni mama wa Kikongo, mtu wa Goma, Mkristo, mwema kupita sisi. Alikuja kurudisha sufuria. Shuka lile aliwahi kuliona mara moja tu, sebule hiyohiyo, siku tuliyomuaga Mama.

"Nilichungulia ku dirisha," aliniambia, "nikaona ile kitambaa, mwili yote ikaregea. Nikasema, baba alishakufa, na mutoto wake iko ku kazi."

Akapiga simu yangu, iko kwenye kabati la kazini. Akampigia mama mmoja wa Kimombasa. Basi. Mama wa Kimombasa ukimwambia kitu ni kama umekitia kwenye spika.

Nilipotoka kwenda mapumziko nikafungua simu, na kwenye kundi letu nikasoma: Innalillahi wainna ilayhi rajiun, mzee wetu mwosha wa Hodge Hill ametangulia mbele ya haki, maiti iko nyumbani. Chini yake duwa tele. Na chini ya duwa mtu ameuliza: Jamani, sasa yeye nani atamwosha? Mwingine akajibu: Hapo ndipo pagumu.

Nilimpigia Baba, hapokei. Nikavua aproni, nikapanda teksi, nikalia bila haya. Dereva akanipa karatasi zake za kufutia vioo. Nilimkasirikia Baba kwa kufa Jumamosi wakati operesheni ni Jumatano. Nilimkasirikia Ami mpaka meno yakauma. Nilijikasirikia mimi, maana asubuhi niliondoka nikimgombeza kwamba nyumba nzima inanuka rangi, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya mwisho kwa mzazi wangu.

Nje nilikuta viatu vimejaa mpaka njiani. Vijana wa Kikenya walikuwa wakishusha viti kwenye gari. "Pole sana anti, usijali, sisi tuko," wakaniambia. Kulikuwa tayari na sufuria la pilau. Mlango wa mbele Baba hafungi mchana, kwa hiyo waliingia tu, na hakuna aliyefunua shuka, kwa sababu maiti hafunuliwi mpaka jamaa zake wafike. Walikaa wakaizunguka, wakaanza Yasini. Harufu ya rangi walidhani ni dawa za moyo.

Nikapenya ukumbini. Watu wamekaa mpaka mlango wa jikoni, vichwa chini, wanasoma. Na wa mwisho kabisa, kwenye kigoda cha jikoni, amevaa aproni yenye madoa ya kijivu, amefungua viganja, alikuwa Baba. Anasoma nao.

Nikakaa chini palepale mbele yake, nikamshika shavu. Lilikuwa na joto, na harufu ya tapentaini.

Akaniwekea kidole mdomoni: tunasoma. Halafu akaniinamia. "Nani kafa?"

Nikazidi kulia.

"Mbona unalia hivyo? Nani?"

"Wewe."

Baba akafikiri. "Lini?"

"Asubuhi."

"Mimi nilidhani kamati wameleta mtu," akanong'ona. "Nimetoka kibandani nimekuta Yasini imeshaanza. Huwezi kumkatiza msomaji."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikupata nafasi ya lolote, kwa sababu watu wa mlango wa mbele waliachia njia, na Ami akaingia.

Alikuwa na begi lake la zamani la kazini, lile la udereva. Hakusalimia. Watu wakampisha, ndiye ndugu wa maiti, akapita mpaka sebuleni, na kisomo kikakatika chenyewe. Kutoka ukumbini tulimwona mgongo. Aliweka begi chini, akaweka kiganja juu ya shuka, upande wa kichwani.

"Kaka," akasema. "Ulinikataza ulipokuwa na mdomo. Sasa huna. Nitakuosha, utake usitake." Akavuta pumzi. "Na hizo dohani, basi. Nakuachia." Kisha akalia, mtu mzima yule, kwa sauti, mabega yakitikisika.

Mkono wa Baba ulikuwa begani kwangu, unanibana. Nilimwomba Mungu amnyamazishe Baba dakika moja tu, moja, amwache ndugu yake amalize. Lakini Ami akaanza kulikunja shuka.

"Taratibu!" Baba akapiga kelele. "Rangi mbichi!"

Sitaeleza yote yaliyotokea sebuleni. Bibi mmoja alipanda juu ya kochi, na bibi huyo hupandishwa ngazi na watu wawili. Mama wa Goma alimwita Yesu katika nyumba iliyokuwa inasomwa Yasini, na hakuna aliyemlaumu. Ami peke yake hakusogea. Alisimama na shuka mkononi, uso umelowa, anaitazama nyambizi.

"Umezilaza," akasema.

"Zinalala na kusimama," Baba akasema akiwa mlangoni. "Nimetia bawaba."

"Na vifuniko?"

"Vinafunga vyote."

"Mzinga?"

"Hakuna mzinga."

Ami akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. Yule bibi wa kwenye kochi akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikamwambia kwa heshima zote ashuke na anyamaze. Imamu akatangaza kwamba Yasini haipotei, iandikwe kwa ajili ya operesheni, na kwa kuwa pilau limeshapikwa, liliwe. Mtu wa pwani huwezi kumrudisha nyumbani na njaa kwa sababu tu hukufa. Mama wa Goma alikuwa akiomba msamaha kwa kila mtu, mpaka Baba akamwambia amemfanyia hisani, maana wachache wanaopata kuhudhuria msiba wao wenyewe.

Tukaingia jikoni sisi watatu na mlango nikaufunga. Ami aliweka begi mezani, akalifungua, sijui kwa nini, labda mikono ilikosa kazi. Akatoa glavu. Akatoa pamba, kafuri, sabuni mpya, taulo jeupe lenye lebo bado, na mkasi. Akavipanga vizuri. Vyote vilikuwa vya mtu mmoja.

Baba akavitazama kwa jicho la fundi. "Pamba hii haitoshi," akasema. Halafu akakaa.

"Jumatano wananipasua," akasema.

"Nimeambiwa."

"Ile kauli nimeifuta."

Ami akaupanga upya mkasi kando ya taulo.

"Nimeifuta, umesikia? Mbele ya mtoto. Niliogopa, ndugu yangu. Kifo nimekizoea, nakiona kila wiki. Niliogopa kulala pale na kuguswa na watu tu."

Ami alikuwa akiangalia mikono ya Baba. Ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye vifundo, rangi imeingia hata chini ya kucha. Akamshika kiwiko, akamwinua, akamsogeza kwenye beseni, akafungua bomba. Akakunja mikono ya shati lake. Akaanza na mkono wa kulia, kidole kwa kidole, akipitisha sabuni baina yake, bila haraka, kama nilivyosikia siku zote kwamba wanafanya na sijapata kuona.

"Maji hayaitoi hii," Baba akasema. "Inataka tapentaini."

"Nyamaza," Ami akasema. "Maiti hasemi."

Baba akanyamaza. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, maana mikono haikuwa yake. Ami akapima maji kwa kiwiko, akanigeukia.

"Punguza ya moto, mwanangu," akasema. "Yatamuunguza."